Kiti cha Enzi cha Nguo Chafu

Kwa miaka minne nilimtunza mzee mmoja wa Harborne, mtaa wa mji wa Birmingham, Uingereza, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa kukarabati karatasi za kale. Baba yake alikuwa Mwingereza, mama yake Mholanzi, na nyumba yake ndogo ilijaa masanduku bapa ya mbao ambayo mimi, siku za mwanzo, nilidhani yamehifadhi vitambaa vya meza. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia uji wa shayiri, kumpa dawa na kumshika mkono kwenye ngazi. Kutazama picha hakukuwemo katika kazi hiyo. Lakini macho ya mzee yalikuwa yanafifia, na alitaka mtu wa kumwambia kilichomo ndani ya masanduku yake. Asubuhi, nikishamfunga vifungo vya shati, aliniomba nifungue sanduku moja, nichukue karatasi ya juu, nimsomee picha. Hivyo ndivyo alivyosema: nimsomee.

Zilikuwa picha za kuchapwa za Uholanzi ya zamani, wakati watu wa huko walipokuwa wakipigana na mfalme wa Hispania na, walipopata nafasi ya kupumua, wakipigana wao kwa wao. Fundi wa wakati huo alichonga mistari kwenye bamba la shaba, akajaza wino, akagandamiza karatasi juu yake, na nakala zikaenda sokoni kuwacheka wakubwa. Nilimsomea mzee habari za ng'ombe mnono aliyekuwa ndiye nchi yenyewe: mfalme amempanda mgongoni, malkia wa jirani anamlisha nyasi, bwana mmoja amechuchumaa anakamua, na mwingine amemshika mkia na kujazwa mikono kitu ambacho hakukitarajia. Nilimsomea mzani wenye vitabu vizito upande mmoja, na upande wa pili kitabu kimoja chembamba kilicholaliwa na upanga, na upande wa upanga ndio ulioinama.

Karibu kila mtu katika picha hizo alikuwa na namba ndogo miguuni, na chini kulikuwa na orodha ya kueleza namba moja ni nani na namba mbili ni nani. Nilimwambia mzee kwamba kwetu mtu akitaka kumsema mkubwa hampi namba, anamfumbia fumbo, na mwenye masikio anasikia. Akacheka. Akasema namba zilikuwa za kuwasaidia wanunuzi ambao hawajawahi kuona sura za wakubwa. Aliyejificha alikuwa mchoraji. Mara nyingi jina lake halikuandikwa popote, na hata mji uliotajwa kuwa ndipo picha ilipochapwa ulikuwa wa uongo.

Nilipenda sana jambo hilo la kutokuwa na jina. Lazima niliseme mapema, kwa sababu lingine lolote ninalolieleza hapa lilianzia kwenye kupenda huko.

Nilikuwa nachora tangu utotoni. Sekondari nilitamani niwe mwalimu wa sanaa, mambo yakaenda yalivyoenda, nikajikuta Birmingham nikivaa glavu. Mzee alipogundua kwamba nachora, alinipa kalamu yake ya wino na karatasi nzuri, na saa alizokuwa amelala mchana nilikaa kwenye meza ya jikoni nikinakili mikono ya watu wa kwenye picha. Mikono ndiyo migumu. Baada ya miezi kadhaa niliweza kuchora mkono unaopokea rushwa na mkono unaobariki, na tofauti ikaonekana.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi sisi Wakenya wa upande ule wa mji tulikutana katika ukumbi wa kanisa, Acocks Green, mwendo mfupi kutoka stesheni. Tulikuwa na chama cha kusaidiana, na mwenyekiti wake alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu ambaye nyumbani alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Wote tulimwita Mwalimu. Alivaa suti yenye kizibao hata wakati wa joto, na alituambia kwamba yumo katika uongozi wa hospitali. Alipenda kusikilizwa na hakupenda kukatizwa. Lakini nilipofika nchi hii bila kumjua mtu, yeye na mkewe ndio walionipa kitanda kwa majuma sita, na yeye ndiye aliyenisindikiza kutafuta chumba. Mwenye nyumba wa kwanza aliponitazama vibaya, Mwalimu alisimama mbele yangu akazungumza Kiingereza chake kilichonyooka mpaka yule mtu akashusha sauti.

Siku moja nilimpeleka mzee wangu hospitali kubwa kwa daktari wa macho. Nilimwacha amekaa kwenye kiti cha magurudumu, nikaenda kutafuta lifti iliyokuwa ikifanya kazi. Milango ilipofunguka, ndani kulikuwa na toroli refu la vyuma lililojaa mifuko ya mashuka machafu, na nyuma ya toroli, kwenye yunifomu ya wasukumaji na glavu za zambarau, alikuwa Mwalimu.

Tulitazamana. Alitoka na toroli lake, akalisimamisha kando ya ukuta ili lisizuie watu, akavua glavu moja kwanza ndipo akanipa mkono. Akaniuliza habari za nyumbani, nikajibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ya hapa tuyaache hapa."

"Sawa, Mwalimu," nikasema.

Na nilimaanisha. Sikumwambia mtu kwa miezi saba.

Mwaka ule muhula wake wa pili ulikuwa unaisha, na katiba ya chama iliruhusu miwili tu. Mwalimu alileta pendekezo la kuongeza wa tatu. Watu walinung'unika wakiwa kwenye foleni ya chai, lakini ukumbini walinyamaza, wakanitupia macho mimi kwa sababu nilijulikana kuwa na mdomo. Nikainua mkono. Niliuliza, nadhani kwa adabu, kama mihula miwili haikumtosha mtu kumaliza kazi yake.

Mwalimu alitabasamu akiwatazama wengine. "Dada yetu," alisema, "katiba si nepi. Tuachieni wenye uzoefu tuibadilishe."

Ukumbi mzima ulicheka. Nusu ya wanawake waliokuwa mle ndani walikuwa wakifanya kazi kama yangu, na wao pia walicheka. Nilikaa chini masikio yakiwaka moto. Nilichokuwa nakifikiria ni toroli lile. Mtu huyu, nikawa najiambia, mtu huyu ambaye nimemfichia siri.

Sasa, baada ya muda kupita, nadhani alinicheka kwa kuwa aliniogopa. Kila nilipoinua mkono pale ukumbini huenda alisikia milango ya lifti ikifunguka. Siku ile sikulifikiria hilo hata kidogo.

Jumatatu yake mzee wa Harborne alipolala mchana, nilitandaza karatasi kwenye meza ya jikoni. Nilichora toroli la vyuma, kubwa kama gari la harusi, limejaa mashuka yenye madoa. Juu ya mashuka nilimketisha Mwalimu na taji. Badala ya joho la kifalme nilimvika lile vazi la wagonjwa linalofungwa nyuma kwa kamba na kuacha mgongo wazi. Mkono wa kulia nilimshikisha fimbo ya kupigia deki, na mkono wa kushoto niliuchora ukibariki. Chini, wanachama wanasukuma toroli huku wameziba pua. Kila kitu nilikipa namba, kama Waholanzi walivyofanya, na chini nikaandika orodha kwa Kiswahili. Namba moja: Mfalme wa Muhula wa Tatu. Namba mbili: Kiti chake cha enzi, ambacho hukisukuma kila siku hospitalini. Namba tatu: Raia. Namba nne, iliyokuwa juu ya mfuko wazi: Hapa ndipo anapofulia heshima yake. Jina langu sikuliweka.

Ulikuwa mchoro mzuri. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine, kwamba sijawahi kuchora kitu kizuri zaidi ya kile.

Nilikuwa na rafiki mmoja wa kweli mjini, Mtanzania aliyeolewa na Mkenya, msusi anayesukia wateja sebuleni kwake, mtaa wa Lozells. Nilikaa miguuni pake kila baada ya majuma sita, na tulikuwa tukisimuliana mpaka tunasahau nywele. Nikaupiga mchoro picha kwa simu, nikamtumia, nikaandika: cheka peke yako. Akajibu kwamba amecheka mpaka kateketeza pilau. Kisha naye akamtumia wifi yake mmoja tu, kwa maneno yale yale. Jumatano jioni nilipofungua simu, mchoro wangu ulikuwa kwenye kundi la chama, na chini yake mamia ya vicheko. Alhamisi ulikuwa umefika Kenya. Mtu mmoja aliandika kwamba amefundishwa na huyo mzee darasa la saba, na kwamba hajacheka hivyo tangu azaliwe.

Nami nilicheka pia, hadharani, pamoja nao. Niliweka alama ya kicheko chini ya mchoro wangu mwenyewe ili nisionekane nimenyamaza.

Mkutano uliofuata watu walifika mapema. Kuna aliyekuwa ameuchapa mchoro kwenye karatasi na kuubandika kwenye mlango wa ukumbi. Mwalimu alikuja na mkewe, katika suti ile ile. Alisimama mlangoni akausoma wote, pamoja na orodha, taratibu, kama anayesahihisha mtihani. Akaubandua bila kuuchana, akaukunja, akautia mfukoni. Mkewe alikwenda kuketi safu ya mbele, mkoba umesimama magotini.

Hakungoja sala ya kufungua. "Aliyechora hii hakusema uongo," alisema. "Nasukuma mashuka machafu, huu mwaka wa kumi na moja. Mimi ndiye niliyewadanganya, kwa sababu niliona aibu. Tafuteni mwenyekiti mwingine."

Hakuna aliyecheka. Macho yake yalipita kwa kila mtu, safu baada ya safu. Yalipofika kwangu hayakukaa zaidi ya yalivyokaa kwa wengine, na hapo nikajua kwamba anajua. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa mbele ya lifti ile.

Yeye na mkewe walipoondoka, ukumbi ulitafuta wa kubeba lawama, na haukuchukua muda. Wifi alikwishasema ametumiwa na msusi. Mama mmoja akamuuliza rafiki yangu, mbele ya wote, ni nani aliyemchorea. Akajibu, "Mimi nimetumiwa tu." Na nani? Akautazama mkoba wake. Mwingine akasema kwamba Watanzania wanapenda kutucheka, na kwamba mgeni akialikwa nyumbani kwa watu hafichui ya chumbani. Kati yangu na rafiki yangu kulikuwa na viti viwili. Ningeweza kuunyosha mkono nikamgusa bega. Nilikuwa naitazama saa ya ukutani, na mpaka leo nakumbuka mahali mshale wa dakika ulipokuwa.

Alinyanyuka, akavaa koti, akatoka. Hakurudi tena kwenye chama. Wanawake wa Kikenya waliokuwa wakisukwa kwake wakaacha kwenda, na mimi, kwa miezi miwili, nikawa miongoni mwao. Nilifunga kitambaa kichwani.

Nilimpelekea mzee wa Harborne mchoro ule kama mtoto anayepeleka daftari. Nilitaka kusifiwa na mtu ambaye hakuwa na habari na ukumbi wetu. Alikwishapoteza karibu uwezo wote wa kuona, akaweka mikono juu ya blanketi akasema, "Haya, nisomee."

Nikaanza. Nikamwambia kuna toroli la mashuka, na juu yake mtu amevaa taji. Akauliza ni nani, waziri? Nikasema hapana, ni msukuma mashuka wa hospitalini. Amevaa nini? Nikasema vazi la wagonjwa. Akauliza kama mgongo unaonekana. Nikasema ndiyo. Yeye mwenyewe alikuwa amevalishwa vazi kama hilo mwezi uliopita, na mimi ndiye niliyemfunga zile kamba. Akaniuliza wale wanaosukuma wana sura gani, nikamweleza kwamba wameziba pua. Sauti yangu ilikuwa inapungua. Picha za ng'ombe na upanga nilizisoma kama mtangazaji wa redio, lakini hii yangu mwenyewe sikuweza kufika namba nne.

Mzee alingoja aone kama nimemaliza. Kisha akauliza, "Na kama angejua ni wewe, angekufanya nini?"

Nilifikiri. Mfalme wa Hispania angekata vichwa. Wale mabwana wa Uholanzi waliweza kuvunja karakana ya mtu na kumfukuza mjini.

"Hakuna," nikasema. "Hangeweza kunifanya chochote."

Hakunikemea. Aliniagiza nifungue sanduku la chini kabisa, ambalo hatukuwahi kulifungua, na mle mlikuwa na picha za viongozi wawili, ndugu wa tumbo moja, waliouawa na umati uliokuwa na hasira. Picha nyingine za kuwacheka zilichapwa wakati bado ni wakubwa, na nyingine wakati miili yao imekwisha kuning'inizwa kichwa chini. Mzee alisema zote ziliuzwa vizuri, na wachongaji wa zile za pili walikuwa mafundi hodari vile vile, mistari yao safi. Akaniomba nifunge sanduku, akataka chai.

Ilinichukua majuma matatu mengine kwenda kwa Mwalimu. Nilipanda basi Jumapili alasiri, nikapita nyumba yao mara mbili kabla ya kubisha. Mkewe alifungua. Alinitazama, akasema, "Karibu, mwanangu. Viatu viache hapo," kama alivyokuwa akisema nilipokuwa nikilala kwao. Nikaketi jikoni kwa sababu sebuleni palikuwa na nguo zimeanikwa.

Mchoro wangu ulikuwa kwenye mlango wa friji, umeshikiliwa kwa sumaku nne, na mikunjo ya mfukoni bado ikionekana.

Mjukuu wao, msichana wa miaka kama sita, aliingia kuchukua maziwa, akaona ninapotazama, akanieleza kwa Kiingereza kwamba yule ni babu yake akiwa mfalme, na kwamba amempelekea mwalimu wake nakala shuleni. Kiswahili anakisikia lakini kukisoma hajui. Akatoka na bilauri yake.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni amevaa sweta. "Aliuona kwenye meza," alisema. "Akaupenda. Nani wa kumweleza namba nne?"

Nikashuka kwenye kiti, sijui kwa nini, nikapiga magoti kwenye sakafu ya jiko. Nikasema ni mimi. Nikasema naomba radhi, nimemkosea mtu aliyenipokea. Nikamwomba aniruhusu niubandue ule mchoro, nimchoree mtoto mwingine.

"Amka," alisema. "Magoti hayo ni ya Mungu." Nilipoketi akaendelea, bila hasira, kama anayetaja ratiba. "Nilijua tangu siku mchoro ulipoanza kuzunguka. Nilimwambia mama hapa. Mkutano ule alikuwa amekuja na mandazi, hukuyala?"

Nilikuwa nimeyala. Niliyala baada ya wao kuondoka, nilipokuwa nikisikiliza rafiki yangu akisemwa.

Alikataa mchoro uondolewe. Alisema kuhusu ile nepi alinikosea mbele za watu na hilo ni deni lake, lakini la lifti ni langu, na yeye hawezi kunibebea. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: yule Mtanzania, je, nimekwishamwambia?

Mkutano uliofuata nilisimama nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kutemewa mate. Kumbe wengi walikwishachoka na habari ile. Mwenyekiti mpya alisema yaliyopita si ndwele, watu wakapiga makofi machache, na bwana mmoja akanifuata nje kuniuliza kama ninaweza kumchorea jirani yake wa Acocks Green anayeegesha gari vibaya. Nilitaka adhabu nikapewa kazi. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu kubwa kuliko niliyokwenda nayo.

Lozells nilikwenda siku iliyofuata. Rafiki yangu alikuwa akimsuka mteja, mwanamke wa Kikongo, akaniashiria ningoje. Nilingoja saa mbili kwenye sofa. Mteja alipoondoka nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga, naye akanikatiza akiokota vipande vya nywele sakafuni.

"Shoga, mimi nimeshajua umeshasema. Wifi kanipigia." Akafunga mfuko wa takataka. "Lakini ile siku ukumbini nilikuwa nakusubiri. Nikisema moyoni, sasa hivi atasema. Sasa hivi."

Nikamwambia najua.

Akavuta kiti, akaniamuru niketi, akafungua kitambaa changu na kuzitazama nywele zilivyokuwa zimeharibika. Alinisuka siku ile, na bado hunisuka. Mikono yake ni mepesi kama zamani na havuti. Ila hasimulii tena. Ananiuliza habari za kazi, namjibu. Namuuliza habari za watoto, ananijibu. Kisha anawasha televisheni, na tunaitazama wote wawili mpaka amalize kichwa.